Si Kila Kinachofika Mkononi ni Riziki

Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi mvua za kwanza, sisi tunaoishi kando ya Bwawa la Mtera hurudia mjadala uleule. Maji yameshuka, samaki wamesongamana kwenye kina kilichobaki, na mvuvi ambaye mwezi Mei alihangaika usiku kucha akarudi na kitoweo tu, sasa analaza wavu jioni na alfajiri anaukuta mzito. Je, hii ni riziki aliyotuletea Mungu, basi tuichukue yote na kushukuru? Au kuna samaki ambao hata wakiwa mbele ya macho yetu, na mkono unawafikia, si wetu?

Ninaishi Migoli, upande wa Iringa. Asubuhi navua, alasiri nafundisha watoto Kurani. Mwenzangu wa mtumbwi ni katekista wa Kianglikana, Mgogo wa upande wa Dodoma, mkubwa kwangu kwa umri, nami namwita Kaka. Mimi ananiita Mwalimu. Tumezeeka kwenye mtumbwi mmoja, na jambo hili tumelizungumza kwa miaka mingi, yeye na Biblia yake, mimi na Kurani yangu. Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji ajue ninakokwenda: kinachofika mkononi kwanza ni mtihani. Kinakuwa riziki njema pale tu kinapochukuliwa kwa haki yake.

Kwanza nieleze bwawa lenyewe, maana bila kulijua mjadala huu hauwezi kueleweka. Mtera si ziwa la asili. Ukuta wake ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970, chini ya pale mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo inapokutana, ili kuhifadhi maji ya masika kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204. Mwaka 1988 Mtera yenyewe ikapata mitambo yake ya megawati 80. Kimo cha maji hupimwa kwa mita juu ya usawa wa bahari. Bwawa likijaa ni mita 698.5, na likishuka hadi 690 limefika kiwango cha chini kabisa cha kuendeshea mitambo. Tofauti ni mita nane na nusu tu, lakini nchi yetu hii ni tambarare. Maji yakishuka mita moja, ukingo unarudi nyuma mbali sana. Pale nilipotega Mei, ifikapo Oktoba ng'ombe wanakula majani.

Katika maji hayo yaliyopungua kuna joto. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yetu ya jua kali. Maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko maji ya baridi, kwa hiyo kukipambazuka utawaona perege wamepanda juu, midomo inagusa uso wa maji. Jua likichomoza vizuri wanashuka kwenye mkondo wa zamani wa mto, ule ambao Ruaha ilipita kabla ya ukuta, kwa sababu huko ndiko kuliko na kina na ubaridi. Anayeujua mkondo huo hahitaji kutafuta. Analaza wavu ukingoni mwa mkondo saa kumi na mbili jioni, akikwepa miti mikavu ya mwitu uliozamishwa, ambayo hurarua nyavu kila siku. Anautegua kabla jua halijawa kali, maana samaki aliyekufa kwenye maji ya moto huharibika upesi. Anayevua kwa mshipi anakaa kivulini mwa miti hiyohiyo na chambo cha mnyoo au ugali uliokandwa vizuri, na perege wanakula. Usiku kambale hufuata utumbo wa kuku hadi kwenye maji ya magoti, kwa sababu yeye anaweza kuvuta hewa ya juu na maji yenye hewa haba hayamsumbui kama perege.

Uvuvi wa namna hiyo sina neno nao. Neno langu ni juu ya mambo mengine yanayokuja na msimu huohuo. Kokoro linaburutwa kutoka katikati hadi ukingoni, linasomba wakubwa na wadogo, linafagia na vile vishimo vya mchangani ambavyo madume ya perege huchimba kwa ajili ya kuzalia. Nyavu za macho madogo, hata vyandarua, zinafungwa kwenye midomo ya vijito. Wengine huzungushia wavu mahali samaki walipojificha, kisha hupiga maji kwa mti mpaka samaki wakimbie wenyewe na kunasa. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake zimekwisha kuyasema haya, na maofisa wa uvuvi hufanya doria. Lakini mimi siandiki juu ya doria. Ninaandika juu ya mtu aliye peke yake kwenye maji saa tisa usiku, ambaye hakuna anayemwona ila Mola wake.

Mtu huyo nimemsikiliza mara nyingi mwaloni, na hoja zake ni tatu. Anasema samaki ni wa Mungu na hawaishi. Anasema usipomchukua wewe, atachukuliwa na mwingine au na mamba. Na ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, anasema kama Mungu hakutaka tuwapate, asingewaleta karibu hivi. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na leo upwa umejaa.

Hoja ya kwanza inajibiwa na macho. Kila mzee wa mwaloni anakumbuka perege waliojaza sahani, na kila kijana anaona wanaouzwa leo kando ya barabara ya Dodoma. Hoja ya pili inageuka kuwa kweli kwa sababu tu kila mmoja anaisema. Dhambi ambayo jirani yangu angeifanya haihamii kwangu ikawa haki yangu. Na jirani naye ananitazama mimi na kusema maneno hayohayo.

Hoja ya tatu ndiyo ya imani hasa. Wanazuoni wa Kiislamu wa karne za mwanzo walibishana sana juu ya riziki. Mu'tazila walishikilia kwamba Mungu hamruzuku mja kitu cha haramu, kwa hiyo kilichopatikana kwa njia mbaya hakiwezi kuitwa riziki yake. Ash'ari wakajibu kwamba kila kinachomnufaisha kiumbe ni riziki yake, kiwe cha halali au cha haramu, ila cha haramu ataulizwa. Nilipokuwa kijana mabishano haya niliyaona ya watu wa vitabu. Mtera imenionyesha kwamba ni ya wavuvi. Ukiyatazama vizuri, pande zote mbili zimekubaliana jambo moja: hakuna aliyesema kwamba kufika kitu mkononi ni dalili kwamba umeruhusiwa kukichukua. Kwa Mu'tazila, kikifika kwa njia mbaya si riziki. Kwa Ash'ari ni riziki, na hesabu inakusubiri. Yule anayesema Mungu ameniletea, basi yamekwisha, hana mwanachuoni wa kusimama naye.

Kurani yenyewe imelisema jambo la ukaribu mara mbili. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 94, waumini wanaambiwa kwamba watajaribiwa kwa windo linalofikiwa na mikono yao na mikuki yao, wakati wako katika ihramu, ile hali ya Hija. Najua aya ile ni ya windo la nchi kavu, na najua aya ya 96 ya sura hiyohiyo inahalalisha windo la maji. Vijana wangu wa madrasa hunikumbusha, na wanafanya vyema. Lakini mafundisho yaliyomo hayakomei kwa swala na ndege. Windo lile lile lililo halali siku nyingine linasogezwa hadi kwenye mkono, na kule kusogezwa ndiko kunakoitwa jaribio.

Mara ya pili ni katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 163, kisa cha watu wa mji uliokuwa kando ya bahari. Walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Siku hiyo samaki walikuja wazi juu ya maji, na siku nyingine hawakuja. Wafasiri wameeleza kwamba baadhi ya watu wale walifanya hila: walitega Ijumaa, wakaziacha nyavu zikae Jumamosi nzima, wakavuna Jumapili, wakasema sisi hatukuvua siku iliyokatazwa. Kila Oktoba nakisoma kisa hiki na watoto, kwa sababu kinamhusu mvuvi moja kwa moja. Samaki kuonekana hakukuwa ruhusa. Na kosa la wale wenye hila lilikuwa limekwisha kufanyika siku ile walipotega.

Hapo kwenye kutega ndipo Kaka na mimi tulipokutana. Yeye ana aya mbili anazozipenda katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ya 6 na ya 7. Mtu akikuta kiota njiani, mama amelalia makinda au mayai, anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama amwache aende. Kaka husema Mungu hakumnyima mpita njia chakula, alimnyima kumaliza. Kwa miaka aliitumia sheria hiyo kama kipimo chake cha uvuvi, na ni kipimo kizuri.

Ila perege ana jambo lake. Asubuhi moja Kaka alivuta mshipi akampata jike, akamshika kwa mikono miwili iliyolowa na kuniita nitazame. Taya la chini lilikuwa limevimba kama limejazwa mtama. Alimfungua mdomo kwa kidole gumba, taratibu, na ndani mlikuwa na vitoto vingi vyembamba, macho meusi, kila kimoja na kifuko cha kiini tumboni. Perege jike huyaokota mayai yake mara tu yanaporutubishwa na kuyaatamia mdomoni, na hata baada ya vitoto kuanguliwa huendelea kuvihifadhi humo mpaka viweze kuogelea. Muda wote huo hula kidogo sana au hali kabisa. Yule jike, mwili wake ulikuwa umekonda nyuma ya kichwa. Kaka alimshusha majini bila kumrusha, akamwachia, naye akaenda chini na mzigo wake. Kisha akaniambia, "Mwalimu, huyu kiota chake ni kinywa. Nikimchukua mama nimechukua na makinda. Torati hapa hainipi nusu."

Maneno yale yamenifundisha kuliko vitabu vingi. Lakini tuseme ukweli wote: jike aliyenasa kwenye wavu mara nyingi huwa amekwisha kutema vitoto kwa hofu na maumivu kabla hujafika. Ukimkuta asubuhi, huruma yako imechelewa. Kwa hiyo swali la haki haliulizwi wakati wa kutegua. Linaulizwa jioni, unapochagua ukalaze wavu wapi, wa macho gani, ghubani penye majani ambako majike hukimbilia na vitoto, au ukingoni mwa mkondo ambako wakubwa hupita. Watu wa Sabato walihukumiwa kwa walichotega. Nasi ni hivyohivyo. Uadilifu wa mvuvi umo kwenye wavu kabla haujalowa.

Sasa niseme juu ya njaa, kwa sababu anayehubiri bila kuitaja njaa anahubiria watu walioshiba. Mwenye njaa hana miiko. Oktoba ghala nyingi za Isimani na Ugogo zimebaki na mtama kidogo, na Januari shule zinafunguliwa. Kuna mwanamke mjane anayenunua samaki wa kokoro, anawakaanga, anauza kwa abiria, na fedha hiyo ndiyo daftari la mwanawe. Dini haikumsahau mtu wa namna hii. Kurani, katika Al-Baqara aya ya 173, imemwondolea dhambi aliyelazimika, mradi hakutamani uasi wala hakupita kiasi. Na mafakihi wamesema dharura hupimwa kwa kiasi chake. Basi mwenye njaa ale, na watoto wake wale, wala asiwepo wa kumtia aibu. Lakini kokoro la kujaza gari la barafu si njaa. Mara nyingi mwenye kokoro hata hakai kando ya bwawa. Wanaolivuta wana njaa, mwenyewe ameshiba, na anatumia njaa yao kama hati yake ya ruhusa. Huo ni udhalimu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Lipo na lalamiko jingine la wavuvi, nami naliona la haki. Wanasema, kwa nini sisi? Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi kule unakopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mto ambao wazee wetu waliujua kuwa unatiririka mwaka mzima. Maji mengi yamechukuliwa juu, Usangu, kwenye mashamba ya mpunga na kwenye mifugo. Yale yanayotufikia yanafunguliwa ukutani yaende kuwasha taa za miji. Mkulima amechukua, mji umechukua, na aliyebaki mwisho wa mto na mtumbwi wake ndiye anayeambiwa awe na kiasi. Ni kweli, na mahubiri haya yawafikie wote hao. Anayefungulia mfereji shambani usiku kucha maji yakapotelea porini, na anayeacha taa zikiwaka mchana, wako katika mtihani huuhuu, ila wao hawaoni samaki. Mimi nafundisha kwamba maji ni amana, na amana haianzii ukingoni mwa Mtera. Hata hivyo, dhuluma ya aliye juu ya mto hainihalalishii kumdhulumu aliye chini ya mtumbwi wangu. Yule jike mwenye vitoto mdomoni hakuchukua maji ya mtu.

Wapo wanaoniuliza, inakuwaje kitu cha halali kizuiliwe kwa muda? Jibu lake kila Mwislamu analibeba. Maji na tende ni halali, na saa sita mchana wa Ramadhani si vyangu. Mkristo anayeishika Kwaresima anajua hivyohivyo. Halali ina wakati wake. Mwaka 2024 upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, na Bwawa la Nyumba ya Mungu nalo limewahi kufungwa. Zuio kama hilo linauma, hasa kwa asiye na shamba, na serikali inapolitangaza ina wajibu wa kufikiri watu watakula nini. Lakini watu wanaofunga kwa amri ya Mola wao hawapaswi kuona ajabu bwawa nalo likipewa mapumziko.

Nirudi kwenye kisa cha Al-A'raf, kwa kuwa hakikuishia kwa wavunja sheria. Aya ya 164 inataja watu waliouliza kwa nini mnawaonya watu ambao Mungu atawaangamiza. Waonyaji wakajibu kwamba wanataka wawe na udhuru mbele ya Mola wao, na huenda watu wale wakamcha Mungu. Aya inayofuata inasema walioonya waliokolewa, na waliodhulumu waliadhibiwa. Kuhusu wale walionyamaza, aya hazikusema kitu, na wafasiri wamehitilafiana juu ya mwisho wao. Hapo ndipo mimi hushikwa na hofu. Wavuta kokoro Mtera si wengi kuliko sisi. Wengi ni wale tunaoona na kunyamaza, tunaonunua perege wa ukubwa wa kidole kwa sababu ni rahisi, tunaosali msikitini na kanisani Oktoba nzima bila bwawa kutajwa hata mara moja.

Kwa hiyo nawaomba maimamu, mapadri, wachungaji na makatekista wa pande zote mbili za Mtera: msiache Oktoba ipite bila kulizungumza jambo hili mimbarini na madhabahuni. Ninyi akina mama wa mwaloni, mkikataa kununua samaki wachanga kwa pamoja, kokoro halitakuwa na soko. Nawe msomaji unayepita kwa basi kati ya Iringa na Dodoma, gari likisimama na sahani ikaletwa dirishani, tazama ukubwa wa samaki kabla ya kutoa fedha. Na mvuvi mwenzangu, jioni ya leo kabla hujalaza wavu ghubani, jiulize kama ungeulaza hapo mchana, mbele ya mwanao. Kama jibu ni hapana, upeleke mkondoni. Utapata pungufu, na utakachopata kitakuwa chako.